Somo la Jumamosi Kwenye Meza ya Pasi

Mama Pasi alinyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, mlango wazi barabarani. Mumewe alifundisha Kiingereza, na kila Jumamosi mchana alimfundisha mkewe pia, amesimama nyuma yake na mkanda mkononi.

"Mke wa mwalimu hawezi kuwa bubu," alisema.

Somo lilikuwa kitenzi kimoja, *get*.

"Neno dogo, lakini bila hilo huongei. Lilifika Uingereza na wavamizi wa kaskazini, watu wa meli na mashoka. Mzizi wake wa kale kabisa ni kukamata. Haya, maana zake!"

"Kupata," alijibu mkewe, pasi ikitembea juu ya kola. "Kufika. Kuelewa…"

"Endelea!"

Akikwama, mkanda ulishuka mgongoni. Siku moja ulimpasua sikio, damu ikadondokea shati jeupe la mteja. Alilifua shati kwanza, ndipo akajipangusa.

Majirani walisikia yote.

"Shemeji, leo uko darasa la ngapi?" muuza mkaa alimtania, wenzake wakaangua kicheko. Mume walimsifu: msomi, hanywi, hazururi. Kana kwamba elimu inatakasa kipigo! Anayechapa huku akieleza asili ya maneno anachapa tu.

Jumamosi moja mwalimu alimwita binti yao, ndiyo kwanza ameanza shule.

"Zamu yako. Taja maana!"

"Baba, huyo mwache," mama alisema. "Nichape mimi."

"Nyamaza wewe!"

Mtoto alitaja ya kwanza, akakwama. Mkanda ulimpata shavuni, akaangukia kapu la nguo. Mwalimu akauinua tena, mkono wa pili ameuegemeza mezani. Mama aliweka pasi juu ya mkono ule, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Ngozi ilichachatika. Yowe likafika mtaa wa pili.

Muuza mkaa akaja mbio. "Shemeji! Unamuua mwalimu!"

"Kumbe miguu unayo," alimjibu, akambeba mwanawe, akatoka.

Siisifu pasi ile. Lakini wapo waliokuwa na nafasi ya kuizuia mapema, nao walikuwa wakicheka.

Siku hizi ananyoosha nguo mtaa mwingine. Kovu la shavuni limefifia. Ila binti, kila anapoitwa ubaoni, hufunika uso kwa mikono yote miwili kabla ya kujibu.