Hatua Elfu Kumi na Nne za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na figo zake zimechoka kabla yake. Siku hizi hata kuinuka kitini ananiita nimvute. Mara tatu kwa wiki analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kitanda cha jirani kikiwa cha mzee tunayemwita Tarishi, maana maisha yake yote alipeleka barua za ofisi.

Nesi aliwafunga wote wawili kidude cha kuhesabu hatua kiunoni, wakae nacho wiki nzima. Akaeleza wazi kwamba atakayeonekana dhaifu ataanzishiwa mazoezi. Safari iliyofuata Tarishi akatangaza zake za jana: elfu sita.

"Wewe je, fundi?"

"Mia nane."

"Mia nane? Hizo mimi namaliza nikitafuta kiatu!"

Shangazi alinuna njia nzima. "Elfu sita, kwa miguu ile ya korongo?" aliniuliza, kana kwamba hatua hizo nilimpa mimi.

"Shangazi, si mashindano."

"Nyamaza, nishikie mkoba."

Kesho yake nilirudi kutoka shule nikamkuta anakanyaga cherehani bila kitambaa, kidude kiko kwenye kifundo cha mguu, sindano inadunga hewa. Elfu kumi na nne! Kusema kweli, nilimwona ana akili kuliko walimu wangu.

Wiki ilipoisha nesi alisoma namba, akainua nyusi. "Mama, mazoezi ya nini tena wewe? Hebu simama na kukaa mara tano, mikono kifuani, nifunge fomu."

Alisimama mara mbili. Ya tatu akakwama katikati, hajasimama wala hajakaa. Nikamdaka.

"Hizi hatua umetembea wapi?" nesi akamuuliza.

Tarishi alikuwa ametega sikio. Shangazi akaujibu ukuta: "Kwenye cherehani."

Tarishi alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele.

Sasa shangazi amefungiwa pedeli kitandani, anakanyaga huku damu inasafishwa. Miaka thelathini ya cherehani si mchezo: anamaliza dakika arobaini. Juzi Tarishi aliuliza mbona yeye hajapewa.

"Wewe una nguvu, mzee," nesi akamjibu. Tarishi akageukia ukutani. Shangazi akaongeza kasi.

Jana aliniita nimwinue. Nilipofika alikuwa ameshasimama, kashika meza, anahema.

"Umechelewa," akasema. "Hivi Tarishi anasimama mara ngapi?"