Kiti cha Shahbanu Ndani ya Trela

Trela lilipoegeshwa mbele ya nyumba ya Kassamali kule Thornhill, pembeni mwa Toronto, lilikuwa sanduku la bati jeupe tu. Mwenyewe wa kwanza alilibebea mashine za kukatia nyasi, na harufu ya petroli ilikuwa haijatoka. Majirani walidhani mzee anahama. Binti yake, Samina, alikuja mbio kutoka Mississauga, akalizunguka, akashika kiuno.

"Baba, please. Mama hawezi ku-camp. Hata kwangu halali, atalala humu?"

"Atalala humu humu," Kassamali akajibu, akaendelea kufagia.

Samina hakuwa na kosa. Baba yake alikuwa fundi saa tangu Moshi, na miaka yake yote ya Toronto aliimalizia kwenye kibanda cha vioo ndani ya jengo la maduka, akibadilisha betri na mikanda. Kitu kikubwa kuliko kiganja hakuwahi kukitengeneza kikatengenezeka. Rafu aliyoifunga jikoni ilidumu usiku mmoja, na asubuhi sahani ziliokotwa sakafuni. Huyo ndiye aliyestaafu akaamua kujenga nyumba ya magurudumu.

Lakini alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa kwenye kiti cha dirishani, ikitazama barabara. Shahbanu, mkewe, aliteleza kwenye bafu la hoteli walipokwenda harusini Orlando, na goti lililokuwa bovu tayari likaharibika kabisa. Alipasuliwa, likapona kiasi chake. Moyo ndio uliokataa kupona. Tangu siku ile hakulala nje ya nyumba yake. Alikwenda msikitini barabara ya Bathurst akarudi, akaenda kwa daktari akarudi, na baadaye hata majlisi akaanza kuzisikiliza kwenye simu. Mwanamke ambaye zamani alifunga chakula na kusema "twende" kabla ya kuuliza wanakwenda wapi, sasa aliuliza kwanza choo cha huko kikoje. Kassamali aliogopa. Alimwona anapungua kidogo kidogo pale kitini, na safari hii hakuwa na betri ya kubadilisha.

"Usiku mmoja," Shahbanu alikubali, baada ya kubembelezwa majira yote ya baridi. "Nikikosa kitu kimoja tu ninachokipata nyumbani, Baba Samina, unanirudisha, na habari za safari tusizungumze tena."

Theluji ilipoyeyuka, Kassamali akajifunga kibwebwe. Alitandika sakafu ya mbao, akajaza povu gumu kwenye kuta ili kuzuia baridi, akatoboa dirisha kwa msumeno wa umeme huku akisoma salawati kwa sauti. Alijenga choo chenye vishikio pande zote mbili, akavuta bomba la maji ya moto, na pembeni akatundika kopo lile lile la nyumbani, kwa sababu choo bila maji Shahbanu hakihesabu kuwa choo. Alifanya kazi kama fundi saa. Kila skrubu aliifuta na kuilaza juu ya kitambaa kabla ya kuitumia, na jirani aliyeanza kujenga baraza siku moja naye alimaliza, akanunua viti, akaanza kuchoma nyama, Kassamali akiwa bado kwenye ukuta wa kwanza.

Kilichompendeza zaidi ni kiti. Goti la Shahbanu halikubali kukunjwa, kwa hiyo husali ameketi, mbele yake pana kijimeza chenye turba, kile kidonge cha udongo wa Karbala anachowekea paji la uso. Viti vya kukunja vilishamwangusha, na hakuviamini tena. Kassamali akamtengenezea kiti kipana chenye mikono ya kujishikia, meza yake imeungana nacho. Ili kisisogee hata kidogo, alikifunga kwa bolti mpaka kwenye chuma cha chini, na juu yake akamimina gundi. Kabla ya kutoboa alitafuta kibla kwa dira ya marehemu baba yake, akatafuta tena kwa simu, akarudia kwa dira, ndipo akachora mstari sakafuni. Kaskazini mashariki, barabara kabisa.

Shahbanu alitoka na fimbo yake, akapanda, akaketi, akainama, akainuka.

"Hakitikisiki," alisema.

Kwa jinsi anavyobana sifa, Kassamali alitembea na neno hilo wiki nzima.

Mwezi wa sita wakaondoka. Kassamali aliendesha polepole mpaka malori yakampigia honi, na mchana wakafika kwenye kambi kando ya Ziwa Simcoe. Akaliegesha trela, akalitenga na gari, akalikalisha vizuri, dirisha likitazama ziwa, kama alivyoota. Shahbanu alikagua. Maji yalitoka, tena ya moto. Vishikio vilishika. Akatia udhu, akaketi kwenye kiti chake asali adhuhuri na alasiri, akachukua simu kuangalia wakati. Mshale wa kibla kwenye simu ulikuwa unaonyesha nyuma yake.

"Baba Samina. Kiti hiki kinatazama wapi?"

Kassamali aliinama kuutazama mstari aliouchora sakafuni. Mstari wake ulikuwa sahihi. Miezi yote ile ya kupima na kurudia kupima, haikumpitia akilini kwamba kitu chenye magurudumu siku moja kitaondoka pale kilipopimwa. Sasa kiti kilielekea ziwani, na ng'ambo ya ziwa, ukiendelea, ni Vancouver.

"Nitakifungua," alisema, huku akijua bolti zile alizimiminia gundi kwa mkono wake mwenyewe. "Au usali nje, kwenye kile cha kukunja."

Shahbanu alikiangalia kiti cha kukunja kilichoegemezwa mlangoni. Akashika mikono ya kiti chake. "Kumbe," alisema taratibu, bila hasira. Kassamali aliijua sauti hiyo. Ni ile inayotangulia "turudi," na nyuma yake aliliona lile dirisha la Thornhill, na miaka iliyobaki.

"Usiinuke," akasema. "Kaa hapo hapo."

Akatoka. Kwenye uwanja wa pili alikuwako mtu mkubwa mwenye ndevu, Philip, aliyekuwa amewasalimu walipofika, na mbwa wake amefungwa chini ya mti. Kassamali alimwomba kwa Kiingereza amsaidie kuligeuza trela.

"Lielekee wapi?"

"Makka," Kassamali alisema.

Philip alitafakari kidogo. "Mbali," alisema, akapangusa mikono kwenye suruali.

Wakaondoa mawe ya kuzuia magurudumu, wakashika mbele, wakasukuma. Kokoto zililia. Ndani, Shahbanu alikuwa ameshika simu kama dereva aliyeshika usukani.

"Bado," alisema. "Bado. Sukumeni. Mmepita, rudisheni kidogo. Mwambie huyo mwenzio asiwe na pupa."

Sauti yake ilikuwa ikipanda. Kassamali hakuwa ameisikia ikiamrisha hivyo tangu Orlando, na alisukuma macho yakiwa yamemjaa maji, kifua kinamwaka, akiomba wasifike haraka kwenye kibla.

"Basi," alisema Shahbanu. "Hapo hapo."

Trela lilikaa mshazari, limeziba nusu ya njia, na dirisha lake zuri likawa linamtazama mbwa wa Philip. Shahbanu alisali. Jioni nzima alikaa pale pale dirishani akimwangalia yule mbwa, kila mmoja na heshima yake kwa mbali, akiuliza anakula nini na kama hasikii baridi. Usiku alilala mpaka alfajiri.

Asubuhi Kassamali alichemsha chai ya tangawizi, akaanza kukusanya vitu, maana ahadi ilikuwa ya usiku mmoja.

"Tukifika nyumbani nitakikata," alisema. "Nitakiwekea kitako cha kuzunguka, kiwe kinageuka chenyewe."

Shahbanu alikuwa kitini, tasbihi mkononi.

"Usikiguse," alisema. "Kila tutakapofika utanigeuza wewe."

Kassamali alikuwa akimimina chai. Alilisikia lile "kila", na chai ikafurika kikombeni, ikamwagika juu ya meza, naye akaendelea kumimina.