Gari Langu Kwenye Njia ya Maboti

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Nikifumba macho naiona kana kwamba imetokea leo asubuhi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, hapa hapa Kajiado, na leseni ya kuendesha gari nilikuwa nimeipata majuma machache tu kabla. Baba yangu, aliyekuwa mfanyabiashara wa mbuzi, alinipa pikapu yake nimpeleke binamu yangu Naisula ziwani Naivasha. Naisula alikuwa na kibanda cha kuuza samaki Kitengela. Nilijiona mtu mkubwa sana. Ujana ni hivyo, usinicheke.

Pale ziwani palikuwa na mahali pa umma pa kushushia maboti: mteremko mfupi wa saruji unaoingia majini, upana wa gari moja. Kushoto mafunjo, kulia mafunjo. Hapakuwa na boti hata moja. Nikarudisha gari kinyumenyume mpaka magurudumu ya nyuma yakagusa maji, ili tusibebe samaki mbali.

"Msichana, hapo ni njia," akaniita mzee aliyekuwa akishona nyavu. Ndiye aliyepaangalia pale, wakimwita Mzee Kamau.

"Ni dakika tano tu, mzee," nikajibu bila hata kugeuka.

Ufunguo nikautia mfukoni, tukapanda hadi kibanda cha chakula kule juu. Dakika tano zikawa chai, chai ikawa samaki wa kukaanga, na hadithi za Naisula haziishi upesi.

Kisha tukasikia mayowe. Nilidhani watu wanashangilia samaki wakubwa. Nikatoka nikitabasamu.

Boti ilikuwa imekwama nyuma ya gari langu. Vijana wawili walikuwa wamesimama ndani yake wakipunga mikono, na katikati yao amelala mvuvi. Kiboko alikuwa ameupindua mtumbwi wake na kumng'ata paja. Maji yaliyotuama ndani ya boti yalikuwa mekundu.

"Gari ya nani hii? Toeni gari!"

Nilikimbia. Lakini nilipofika mlangoni nikautoa ufunguo kwa pupa. Ufunguo ukaniponyoka, ukaingia kwenye tope, nami nikawa naupapasa. Wale vijana hawakuningoja. Waliruka majini, wakamwinua mvuvi, wakampitisha kwenye mafunjo, maji yakiwafika kifuani, mahali ambapo kiboko mwingine angeweza kuwa amelala. Mzee Kamau, na umri wake ule, alikuwa ameshaingia kuwapokea. Yule mvuvi alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu.

Ufunguo nikaupata, tukamlaza kwenye pikapu ile ile, nikaendesha hadi hospitali. Mzee Kamau aliketi kando yangu, amelowa chapachapa.

Mvuvi alinusurika. Mguu ulikatwa. Nilimuuliza daktari kama ni zile dakika zangu zilizouondoa. Akaniangalia, akasema, "Alipoteza damu nyingi," akaenda zake. Mpaka leo sijui.

"Mzee, niliona hakuna mtu," nikamwambia Mzee Kamau nje ya hospitali.

"Uliona vizuri. Hakukuwa na mtu," akasema polepole. "Lakini ile njia hatuiachi wazi kwa sababu ya mwenye ako pale. Tunamwachia yule bado ako kwa maji."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

Baadaye nilimwendea mvuvi kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha.

Sasa nawe unaendesha gari, mwanangu, ndiyo maana nakuambia. Geti la zahanati pale Kitengela, njia ya ng'ombe kwenda kwa maji, mlango wa darasa: ukipakuta hapana mtu, usiseme ni pako. Mtu akikuambia sogea, sogea kwanza, uulize baadaye. Na ukishakosea, usikimbie. Simama umwangalie uliyemkosea, hata kama hana la kukuambia.

Mungu akupe macho ya kumwona ambaye bado hajafika. Na siku utakayokuwa wewe unayeletwa, ukute watu wamekuachia njia.