Kiti Kisicho na Miguu ya Nyuma

Karakana nzima ilimwita Milimita. Lakabu hiyo aliipata juma lake la kwanza kutoka chuo cha ufundi, alipoukataa mlango uliopimwa na mkuu wa karakana mwenyewe, akisema kwa sauti ya chini kwamba umezidi milimita mbili. Mlango ukapimwa upya, na kweli ulikuwa umezidi milimita mbili. Tangu siku hiyo akakabidhiwa milango yote ya plaiwudi, akaitengeneza miaka minne bila kunung'unika, ingawa daftari lake lilikuwa limejaa viti.

Hakuna aliyeviona viti hivyo mpaka alipokuja msanifu majengo, mama mmoja wa maneno machache, kuagiza samani za ukumbi wa maonyesho ya picha. Ukumbi huo ulikuwa na roshani iliyochomoza ukutani hatua nne bila nguzo hata moja. Mama alitaka viti vya ukoo huo huo: mtu akiketi, aonekane ameketi hewani. Milimita akafungua daftari, akamwonyesha kiti kilichochorwa kwa mstari mmoja tu. Mstari ulitambaa sakafuni kuja mbele, ukapanda, ukapinda kuwa kikalio, ukapinda tena kuwa egemeo. Miguu ya nyuma haikuwapo.

Msanifu alirudi nyuma hatua moja, kama atazamaye picha ukutani. Akasema atengenezewe cha mfano. Kikisimama, vitafuata ishirini na vitatu.

Cha kwanza kilivunjika. Katika karakana ile, kiti cha aina mpya hakikutoka mlangoni kabla mkuu hajakikalia mbele ya mafundi wote, na mkuu hakuitwa Mzee Tani bure. Aliketi, ukasikika mlio wa kuni kavu, mzee akajikuta chali, miguu juu. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye. Baada ya hapo walicheka siku tatu. Walisema kiti hicho kingemfaa mgeni asiyejua kuaga. Msanifu alipoarifiwa hakufoka. Alisema angesubiri kimoja tena hadi Ijumaa. Nacho kikivunjika, angenunua vya plastiki, na Milimita angerudi kwenye milango yake.

Jumanne jioni alikibeba kipande kilichovunjika hadi nyumbani, akakiweka mezani katikati ya sahani. Kaka yake, fundi wa zege, alikigeuza huku na huku, akauliza kwa nini nyuzi za mbao zinapishana. Milimita akaeleza kwamba ndivyo zinavyounganishwa: mbao nyembamba kumi na moja kwa gundi, moja imesimama, inayofuata imelala, kama plaiwudi.

"Dada yangu, hiki si mlango," kaka akasema. "Hii ni roshani. Nondo zinazoibeba roshani zinatoka ukutani kwenda nje. Zile za kukatiza zinazishika hizo tu zisitawanyike. Hapa karibu nusu ya mbao zako ziko kazini lakini hazifanyi kazi."

"Kama wewe siku za mvua," mama yao akasema, akikusanya sahani.

Milimita aliinama kuficha uso. Mazoea yana tabu: mkono uliokwisha kuunda milango mia ulikuwa umeunda mlango mwingine, ukaupinda na kuuita kiti. Lakini chini ya aibu hiyo alipata nafuu kidogo. Mchoro haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono, na mkono hufundishika.

Jumatano alizipanga upya mbao zote kumi na moja, nyuzi zikifuata mpindo kutoka sakafuni hadi egemeoni. Akazipaka gundi, akazibana kwenye kalibu yenye umbo la kiti kwa jiriwa kumi na nane, akaziacha zikauke bila kuzigusa, jambo lililomwia gumu kuliko kazi yenyewe.

Ijumaa msanifu alifika mapema. Mzee Tani alivua kofia.

"Binti, leo nimeaga kabisa nyumbani," akasema, akajishusha.

Kiti kilizama kidogo, kikainuka, kikatulia. Hakukuwa na mlio. Mzee akajirusha kwa makusudi, mara mbili, mara tatu. Kiti kikamwitikia kila mara na kurudi mahali pake. Msanifu alichuchumaa, akapitisha mkono polepole pale ambapo miguu ya nyuma ingekuwa.

Wakangoja mzee ainuke. Hakuinuka. Aliegemea, akaagiza orodha ya kazi za siku iletwe hapo hapo alipo.

"Mzee, mama anataka kukiona vizuri," Milimita akasema.

"Wewe umekipima mara ngapi?"

"Mara tano."

"Basi niache nami nikipime."

Msanifu alicheka, kisha akasema ishirini na vitatu vilivyobaki vianze Jumatatu. Milimita aliitikia kwa adabu na kuandika tarehe. Halafu akaenda nyuma ya karakana, akajibwaga juu ya rundo la plaiwudi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliketi saa za kazi, na hakuwa na haraka ya kusimama.