Kompyuta Iliyoundwa Ngokolo

Fundi redio wa mtaa wetu wa Ngokolo amefariki. Habari nilipewa na muuza magazeti, nami nikamjibu "pole sana" kana kwamba msiba ni wake. Wasomaji wangu, makala zote mlizosoma hapa kwa miaka hii ziliandikwa kwenye kitu alichokiunda marehemu, na sijawahi kuwaambia.

Nilikuwa nimepewa kompyuta iliyochoka, kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga. Mimi huhitaji utulivu hata ninapokosa la kuandika. Fundi aliifungua mezani kwangu, akacheka. "Mwalimu, humu ndani kumejaa nafasi. Unafuga hewa?" Akachonga kasha la mninga lisilozidi redio ya mezani, akapanga kila kitu humo. Feni akaipunguzia umeme ikazunguka taratibu, isivute vumbi la viwanda vya pamba vya hapa kwa pupa. Diski, iliyokuwa ikitetemesha meza nzima, akaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Alipoiwasha, ilinibidi niinamishe sikio ndipo nisadiki kwamba inafanya kazi. Akaomba jambo moja tu: "Nitaje kwa watu wa Geita, Mwalimu. Redio hazinilishi tena."

Wakati huo kampuni za kutafuta dhahabu zilikuwa zikifungua ofisi huko, na vumbi likiziua kompyuta zao. Nikamwalika mkubwa wa kampuni moja aje aone, fundi naye awepo. Mgeni aliizunguka meza mara mbili, mikono nyuma. "Aisee! Hii si ya hapa. Umeletewa kutoka nje, sivyo?" Sijui nini kilinipata. Labda ni ile digrii yangu, ambayo haijawahi kuniletea chochote kutoka nje. Nikajibu, "Ee, nililetewa kutoka Ulaya." Fundi alikuwa amesimama pale pale, bisibisi mkononi. Mgeni akamgeukia: "Na wewe, bwana?" Akajibu bila kunitazama, "Mimi namfutia vumbi tu, mkubwa." Mgeni akaniambia, "Angekuwa hapa aliyeiunda, ningeondoka naye leo." Nikacheka naye. Alipoondoka, fundi aliweka bisibisi mfukoni, akauliza kwa upole, "Mwalimu, kumbe Ulaya nako kuna Ngokolo?"

Hakuacha kuja. Kila baada ya muda alipita, akafungua kasha na kufuta vumbi kweli, kama alivyosema. Mara nyingi nilitaka kumwandikia yule mkubwa barua. Niliandika makala kuhusu uaminifu badala yake, kwenye mashine ile ile.

Msibani, mjane wake aliniita kando. "Shikamoo, Mwalimu. Marehemu alikuwa akisema ana mashine yake moja kwako. Ni kweli, au alikuwa anajifariji tu?" Nikasema ni kweli, aliiunda yote mwenyewe. Akaitika kwa kichwa, akarudi ndani kwa wenzake. Nilikuwa nimesema ukweli hatimaye, lakini kwa mtu ambaye hakuwa na kazi ya kumpa. Ukiwa na kitu kizuri mezani, na aliyekitengeneza amesimama chumbani, mnyooshee kidole umtaje jina, mgeni angali hajaondoka. Mimi namtaja leo kwa kazi yake tu, maana hata jina lake kamili nimelijua kwa kulisoma kwenye msalaba wa kaburi lake.