Siku Tulipoipita Foleni ya Brussels

Safari hii ilianza kwa kelele. Wabiwa alinipigia simu kutoka Brussels Jumamosi moja asubuhi, akapiga ukelele mkali hata mume wangu akatoka bafuni na povu la sabuni kichwani kuuliza nani amefariki. Hakuna aliyefariki. Wabiwa alikuwa amekubaliwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Kigoma, na Wabiwa ni rafiki yangu tangu utotoni. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Fizi, Kivu ya Kongo, wakati wa vita, wakapanga vyumba jirani na kwetu pale Mwanga, na sisi tukasoma dawati moja mpaka kidato cha nne. Kisha shangazi yake aliyekuwa Ubelgiji akamchukua. Huko alisoma, akaajiriwa kuongoza wageni katika jumba kubwa la sanaa, lile lenye picha za wachoraji wa kale ambalo watu hutoka nchi za mbali kwenda kuliona. Aliongoza kwa Kifaransa. Lakini Brussels imejaa watu wa Kivu, na Wabiwa aliona kwamba hata mmoja wao haingii mlango ule. Akaomba aongoze ziara kwa Kiswahili. Wakuu wake walisita, wakazungumza, mwishowe wakampa ziara moja ya majaribio. Ikifana, itaendelea. Isipofana, basi.

Miezi yote ya maandalizi alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kuniuliza maneno. Sehemu ya nyuma ya picha tunaiitaje? Kivuli kinachoangukia uso je? Nilimjibu nikiwa jikoni, nikiwa foleni ya benki, nikiwa nasimamia mtihani. Kwa hiyo aliposema, "Yunisi, njoo. Nimekuwekea tiketi ya kipaumbele kwa jina lako," sikuhitaji kubembelezwa. Shule ilikuwa imefunga. Nikaomba visa, nikapata, nikafunga begi.

Dar es Salaam nilipanda ndege ya usiku, na asubuhi ya Jumapili nikatua Amsterdam. Kutoka pale nilipanda treni ya kwenda Brussels, nikakaa dirishani kama mtoto. Mashamba yalikuwa tambarare na yenye maji, ng'ombe wamenona, na kila mji uliopita ulikuwa na mnara wa kanisa uliochongoka kama penseli. Abiria mwenzangu alilala njia nzima. Sikumwelewa kabisa. Analalaje mtu na vyote hivi vinapita bure?

Gare du Midi ndiyo stesheni wanayoshukia wageni wengi, na Jumapili nje yake kuna soko. Nilitoka na begi langu nikakutana na zeituni ndani ya ndoo, vitambaa, majogoo ndani ya tenga, na watu wakiita bei kwa Kifaransa na Kiarabu. Katikati ya vurugu ile nikasikia, "Yunisi! Yunisi weee!" Wabiwa alikuja mbio, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikadondoka. Alikuwa amenenepa kidogo na kupendeza sana. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena, na muuza zeituni akatupa moja moja tuonje.

Anaishi Saint-Josse, mtaa mdogo uliosongamana, ghorofa ya tatu juu ya duka la mikate la Mturuki. Jioni zile tulikuwa tukifanya mazoezi. Mimi nilikaa kitandani kama mgeni wa ziara, yeye akasimama mbele ya jokofu akieleza picha zisizokuwepo. "Katika mandharinyuma mnaona mto ulioganda," alisema.

"Vizuri. Ila sema 'watu', usiseme 'bantu'."

"Watu," alirudia, na kuvuta pumzi. "Bon. Watu."

Alikuwa na hofu. Sikuwahi kumwona hivyo tangu mtihani wa mwisho wa hesabu.

Alhamisi, siku ya ziara, tuliamka tukakuta mgomo. Mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi, vyote vimelala. Wabiwa aliangalia simu yake, rangi ikamtoka. Wageni wake walikuwa wanatoka kila kona ya mji, wengi wao akina mama wa kwaya ya parokia moja, wanaofanya kazi ya kutunza wazee. Na tiketi za kipaumbele zina saa zake. Kikundi kinaingia kuanzia saa nne kamili, na ikifika nusu saa baadaye hakijafika, tiketi zinakuwa tiketi za kawaida na watu wanaenda mkiani.

Tukaenda kwa miguu huku mvua nyembamba ikitupiga usoni. Jumba lile liko juu ya kilima, lina nguzo nene mlangoni, na asubuhi ile foleni ya kuingia ilitoka ngazini, ikapita ukuta wote, ikapinda kona. Kulikuwa na maonyesho mapya. Watalii walikuwa wamefungua miamvuli wakasimama kimya kama wako msibani.

Wa kwetu alikuwa mmoja tu. Père Lode, padri Mbelgiji mstaafu, alikuwa ametembea na fimbo yake kutoka mtaa wa Etterbeek. Aliishi Kivu tangu ujana wake mpaka nywele zilipoisha, na Kiswahili chake ni cha huko huko.

"Jambo, maman," aliniambia. "Bengine beko wapi?"

Hakuna aliyejua. Madame Ingrid, mkuu wa Wabiwa, alitoka mlangoni na kuangalia saa yake, akatabasamu kwa huruma. Huruma ile ilinikera kuliko ukali. Nikamwambia Wabiwa abaki, nikashuka kilima mbio.

Kuna bustani na ngazi pana zinazoteremka kuelekea stesheni ya katikati ya mji. Nilizishuka nikiwa nimevaa koti la kuazima, macho yakitafuta kitenge chochote. Nikaviona vingi kwa pamoja. Kikundi kizima kilikuwa kimesimama chini ya paa la duka la chokoleti, akina mama na waume zao wachache, wamelowa, na mbele yao mama mmoja mnene amevua viatu ameviweka kwapani.

"Ninyi ni wageni wa Wabiwa?" niliuliza huku nikihema.

"Ni sisi!" alijibu yule mama. Ndiye Maman Cécile, kiongozi wa kwaya. "Tumetembea tangu asubuhi. Miguu imekufa. Tuliona ile foleni kutoka hapa chini, tukasema, ah, ile si ya kwetu, turudie nyumba."

"Hamtapanga foleni, mama. Mna tiketi za kipaumbele. Lakini muda unaisha."

Alinitazama kama aliyeambiwa uongo mtamu. "Hatutapanga?"

"Hamtapanga."

"Alors," akawageukia wenzake, "munangoja nini?"

Jinsi tulivyozipanda ngazi zile, sijui. Mzee mmoja alishikwa mikono huku na huku. Tulitokea juu Wabiwa akiwa amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani, na aliporuka juu kwa furaha watalii wote waligeuka. Mlinzi wa mlangoni alifungua kamba ya pembeni. Tukaanza kuipita foleni. Bwana mmoja alinung'unika kwa Kifaransa, na Maman Cécile, ambaye sasa alikuwa amevaa viatu vyake, akasimama mbele yake na kumjibu kwa upole katika lugha hiyohiyo. Kisha akanitafsiria: "Nimemwambia, monsieur, tangu nifike hii inchi nimepanga foleni ya makaratasi, ya nyumba, ya kazi. Leo njo mara ya kwanza ninapita. Unisamehe." Yule bwana alicheka, akainua mwamvuli wake ili apite.

Ndani kulikuwa na joto na ukimya, na dari ya kioo iliyomwaga mwanga mweupe. Nilitamani kugusa kila kitu. Wabiwa akasimama mbele ya picha ya kwanza, akakohoa, akaanza: "Karibuni. Mchoraji ametumia mandharinyuma yenye rangi baridi ili kuzidisha hisia ya umbali."

Wageni walitikisa vichwa kwa adabu, kama watu wanaosikiliza hotuba ya mkuu wa wilaya. Kwenye picha ya pili ikawa vilevile. Kwenye ya tatu mzee mmoja akatafuta benchi. Nyuma, Madame Ingrid alikuwa ameanza kuangalia viatu vyake, na maneno yote yale yalikuwa yangu.

Maman Cécile akainua mkono. "Mutoto yangu, unasema muzuri sana. Unasema kama radio. Lakini radio haituonake. Sema na sisi."

Wabiwa alinitazama. Sikuwa na muda wa kufikiri. Nikamwashiria kwa mikono yote miwili, kama mtu anayefukuza kuku: endelea, endelea!

"Bon," akasema, na mabega yake yakashuka. "Mukuje huku. Maneno ya radio tuache. Niko na picha moja ya kwenu."

Alituongoza moja kwa moja mpaka chumba chenye kuta za rangi nzito. Picha yenyewe si kubwa sana. Ni kijiji cha hapo hapo Ubelgiji, zamani, kimefunikwa na theluji, jua jekundu likining'inia kwenye matawi ya mti mkavu. Watoto wanateleza kwenye barafu, mtu anachinja nguruwe. Upande wa kushoto kuna nyumba, na mbele ya dirisha lake watu wamesongamana wakinyoosha mikono. Na katikati, bila mtu yeyote kuwaangalia, mwanamke aliyejifunika shuka amepanda punda, na mwanamume anatembea mbele amebeba msumeno.

"Musiniulize ni nani," alisema Wabiwa. "Muangalie. Bale bantu ku dirisha beko nafanya nini?"

Walisogea. Mtu akasema wanapokea mkate, mwingine akasema wanalipa kodi. Maman Cécile alisogea mpaka mlinzi wa chumba akanyoosha kidole kumwonya. Kisha akashika mdomo.

"Enregistrement!" alisema. "Banaandikisha majina! Muangalie vile banasukumana. Na ule mama wa punda iko na mimba, na hakuna mwenye anamupisha."

Hapo chumba kikalipuka. Kila mtu alikuwa na dirisha lake. Mmoja alisimulia la kambi ya Nyarugusu, mwingine la Bujumbura, mwingine la ofisi ya hapa hapa Brussels, alikosimama kwenye theluji ya kweli na viatu vya ndala. Walimtambua Maria, wakamtambua Yosefu seremala, wakamcheka Yosefu kwa kufika amechelewa. Wabiwa alikuwa akiruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule, akionesha mkono huu, uso ule, ndege pale juu, akieleza kwa nini mchoraji aliwaweka Maria na Yosefu ndani ya kijiji chake mwenyewe. Hakutumia neno langu hata moja, na nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa.

Ndipo Père Lode akasogea. Akapiga fimbo chini taratibu.

"Mimi nilikaaga ndani ya dirisha kama ile," alisema. "Ku mission, wakati ya vita. Niliandikaga bantu. Kutoka ndani hauone sura. Unaona mikono tu, mikono mingi."

Maman Cécile alimgeukia, nami niliogopa atakachosema.

"Na sisi inje, Père," akasema, "tulionaga kofia tu."

Padri akaanza kucheka huku macho yamejaa maji, na Maman Cécile akamshika mkono, akamsogeza mbele ya picha, wakasimama pamoja wakiangalia.

Saa sita ilipokaribia tulitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kikanisani, kwani tiketi yetu ilijumuisha na pale. Ni kikanisa cha kale cha mawe meusi, na jengo kubwa la kisasa limejengwa kukizunguka, kana kwamba limekimeza likashindwa kukitafuna. Mara nyingi hufungwa. Wabiwa alieleza kwamba kuna kipindi kilifanywa ghala la bia, na akina baba wakasema sasa wanaelewa kwa nini kuna harufu ya amani. Ndani ni padogo, dari imeshonwa kwa matao membamba ya mawe. Maman Cécile alijaribu noti moja tu, chini kabisa. Jiwe likairudisha mara mbili ya ukubwa wake. Basi kwaya ikaimba. Wimbo mmoja, bila ngoma wala kitabu. Mimi nisiyejua kuimba niliimba.

Madame Ingrid alisubiri mpaka mwangwi ukaisha. Alimwambia Wabiwa kitu kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, na Wabiwa akapiga ukelele ule ule wa kwenye simu, ndani ya kanisa.

"Anasema hakuelewa neno," alinitafsiria akinitikisa mabega, "ila hajawahi kuona kikundi kinakaa hivyo mbele ya picha moja. Anauliza ya pili ni lini!"

Siku chache zilizobaki zilipita kwa kula. Tulialikwa kila nyumba, na Maman Cécile akanifungia samaki wa kukaanga wa njiani kana kwamba Kigoma hatuna. Gare du Midi tuliagana bila maneno mengi, treni ikaondoka.

Nyumbani nilikuta wanafunzi wananingoja niwasimulie. Nimewaambia nilichojifunza. Nilikwenda Brussels nikiwa nimebeba maneno, nikidhani watu wa kule wamekosa maneno ya kuzungumzia picha. Hawakuyakosa. Walichokosa ni mlango, na mtu wa kuwaambia kwamba leo hawapangi foleni. Bado nafundisha "mandharinyuma", ni neno zuri na lipo kwenye mtihani. Lakini sasa naanza kwa kuwauliza kwanza wanaona nini.

Jana Wabiwa alituma ujumbe wa sauti. Ziara ya pili imejaa, na safari hii wamekuja Wakenya na Watanzania pia, wakalalamika kwamba Kiswahili chake hawakielewi vizuri.

"Ukawajibuje?" niliuliza.

"Niliwaambia bakaribie picha," alisema. "Bakakaribia. Sasa banataka kurudia na batoto yabo."