Mshona Nguo Afungua Boneti

Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, dereva mstaafu aliacha hata kulitaja gari lake. Lilikuwa gari la kizamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo, alilolitunza kama mboni ya jicho. Sasa lilikaa uani chini ya turubai, na kila walipojaribu kuliwasha, stata ilizunguka bure. Jirani yao, mchomelea vyuma, alishauri likatwe liuzwe chakavu.

"Fanyeni mnavyotaka," mzee alimjibu.

Jibu hilo ndilo lililomkosesha mkewe raha. Mtu aliyezoea kubishia kila kitu, leo hata kubisha hataki.

Mkewe alikuwa mshona nguo. Asubuhi moja aliacha cherehani, akamshikilia mumewe hadi uani, akamkalisha kando ya gari na kufunua boneti.

"Mama watoto, unatafuta nini humo?"

"Wewe una maarifa, mimi nina mikono. Nielekeze."

"Gari si gauni."

"Na mimi sikuja kulipima kiuno. Naanzia wapi?"

Mzee alinuna kidogo, kisha uzalendo ukamshinda. Alimwambia achomoe mpira wa petroli kwenye kabureta. Mafuta yalikuwa yanafika vizuri. Akaurudisha, akapangusa. Halafu akachomoa plagi, akaiacha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, huku mzee akipitisha mkono wa kushoto dirishani kuzungusha ufunguo. Cheche haikuonekana, hata ya kusingizia.

"Basi mafuta hayana kosa," mzee alisema, sauti ikianza kuchangamka. "Moto ndio haufiki. Fungua kifuniko cha distribyuta, hiyo inayogawa moto kwenye plagi."

Mkewe alisugua pointi, vile vyuma vidogo vinavyogusana humo ndani, kwa msasa mpaka zikang'aa. Wakajaribu tena, cheche hakuna. Mzee akashusha pumzi, akasema labda jirani alisema kweli.

Vidole vya mkewe vilikuwa vimeganda kwenye kiwaya chembamba ndani ya distribyuta. Kwa macho kilikuwa kizima. Alipokikunja, mahali pamoja palilegea mno, kama pindo lililokatika uzi huku kitambaa kinaonekana salama.

"Hiki kimekatikia ndani. Ngozi tu ndiyo imekishikilia."

Mzee alikipapasa kwa mkono wake mzima. "Mimi ningekipita mara mia."

Mkewe akakata kipande cha waya laini kwenye redio mbovu ya nyumbani, akakibana pale pale kwa skrubu, akarudisha kifuniko na plagi. Mzee akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikakohoa tena, halafu ikashika na kutulia kwenye mngurumo wake mzito. Machozi yalimtoka mzee, wala hakuyafuta.

Mchomelea vyuma alichungulia juu ya ukuta, miwani ya kazi ingali usoni. "Fundi mmemtoa wapi?"

"Nilimuoa," mzee akasema.

Leseni mkewe alikuwa nayo miaka mingi, lakini usukani wa gari hilo hakuwahi kuachiwa. Safari hii mzee alizunguka mwenyewe, polepole, akijishikilia kwenye bodi, akafungua mlango wa abiria na kuketi.

"Twende. Ila klachi usiichape kama pedali ya cherehani."

"Kaa vizuri, baba watoto."

Walitoka getini bila gari kuzimika. Penye barabara pana akatia gia ya tatu, na mzee akatoa mkono wa kushoto dirishani, akawapungia hata watu asiowajua.